Namna ya kuyaondoa maziwa ya ng'ombe katika chakula cha mama anayenyonyesha

Nimeyaandika haya baada ya kukaa na wifi yangu huku Wete, ambaye mwanawe wa miezi miwili alikuwa akitapika, akilia usiku kucha na kutoa choo chenye makamasi na nyuzi nyembamba za damu. Bibi yake alisema ni chango, kumbe ulikuwa mzio wa maziwa ya ng'ombe, yaani mwili wa mtoto kuyakataa maziwa aliyokunywa mama yake.

Hatua ya 1. Mtoto aonwe na daktari kwanza, kwa kuwa damu katika choo ina sababu nyingi. Akivimba midomo au akipumua kwa shida, usingoje kupambazuke.

Hatua ya 2. Asiachishwe ziwa. Kinacholeta mzio ni protini ya maziwa ya ng'ombe inayopita katika maziwa ya mama, si sukari yake iitwayo laktosi. Maziwa ya mbuzi hayafai kuwa badala yake, kwani protini zake zinafanana mno na hizo.

Hatua ya 3. Mama aache maziwa kwa wiki mbili hadi nne. Hapa ndipo tulipopoteza siku kumi. Wifi aliacha chai ya maziwa na mtindi siku ile ile, lakini damu haikukatika, hata nikaanza kuutilia shaka mzio wenyewe. Mwisho nilishinda naye jikoni kutwa. Maandazi yake yalitoka kwa jirani, ambaye nilipomuuliza alinijibu kwamba huyakanda kwa maziwa ya unga ili yawe laini. Na uji wake ulitiwa kijiko cha samli, kwa kuwa mzazi lazima apate nguvu. Samli huonekana mafuta matupu, lakini hubakiwa na chembe za protini. Tangu hapo sikubali chakula cha kununua kwa muda wote huo, na kila kinacholiwa hukiandika daftarini, maana kumbukumbu ya mtu asiyelala siiamini. Muhogo wa nazi ni salama. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao humpa kalsiamu, na vidonge vyake aulize kituoni.

Hatua ya 4. Dalili zikiisha, mama ayarudie maziwa ili kuhakikisha. Wifi alinywa, na siku ya tatu nyuzi nyekundu zikarudi kwenye winda. Mtoto aliyewahi kuvimba au kutoka vipele papo hapo asijaribiwe nyumbani.

Hatua ya 5. Yakithibitika, yaachwe angalau miezi sita, kisha daktari apange jaribio jingine.