Somo: Namna ya Kuchunguza Makaburi ya Kale ya Waislamu Katika Pwani Yetu

Somo hili ni kwa wanachama wanaotaka kuandika historia ya makaburi na misikiti ya kale, kuanzia Lamu hadi Kilwa. Jambo ninalolisisitiza ni moja: jiwe, bakuli lililopachikwa kaburini, hati na simulizi kila kimoja kina habari yake, na mtafiti akiviunganisha mapema mno huishia kuandika alichotaka kukiona.

Hatua ya kwanza ni ruhusa. Anza kwa imamu na wazee wa mahali, kisha tafuta kibali cha mamlaka za mambo ya kale za nchi husika. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Hata kigae cha chombo unachokiona chini kiache pale pale kilipo.

Hatua ya pili ni kuchora ramani kwa dira na futi. Kutoka Dar es Salaam, Makka iko karibu kaskazini kamili. Kwa kuwa maiti wa Kiislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekezwa kibla, yaani upande wa Makka, makaburi ya huku hupangwa kutoka mashariki kwenda magharibi, kichwa kikiwa mashariki. Kaburi lisilofuata mpango huo liandike pamoja na kipimo chake, wala usilisahihishe kwenye mchoro.

Hatua ya tatu, nayo ndiyo yenye kutaka subira zaidi, ni kusoma maandishi. Nenda asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, ili kivuli kiingie ndani ya herufi, kisha piga picha kutoka pande kadhaa. Usipake chaki, unga wala maji, kwa sababu jiwe la matumbawe lililokwisha kulika hubanduka pamoja na herufi zake. Ukiupata mwaka wa Hijria, uzidishe kwa 0.97 na ujumlishe 622 upate makadirio, kisha uhakikishe kwa jedwali la kalenda. Kaburi maarufu la Gedi, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, Kenya, lina mwaka 802; hesabu hiyo inatoa 1400, ilhali mwaka huo wa Hijria ulianza Septemba 1399. Pia kumbuka kwamba maandishi hayatoi umri wa kila kitu kinachoyazunguka. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi (mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu) ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, lakini jengo lenyewe lilijengwa upya katika karne ya 18. Anayeandika kwamba kuta zote ni za 1107 anawapotosha wasomaji wake.

Hatua ya nne ni vyombo. Makaburi ya Kunduchi, Dar es Salaam, yenye nguzo ndefu za mawe, yalipambwa kwa bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye chokaa. Umri wa bakuli unakuonyesha tu kwamba kaburi halikujengwa kabla ya bakuli kutengenezwa, kwani chombo cha thamani huweza kurithiwa vizazi kadhaa kabla ya kupachikwa. Mahali ambapo bakuli zimeng'olewa hubaki mashimo ya duara. Yapime, na utazame kama alama ya kitako imebaki kwenye chokaa.

Hatua ya tano ni simulizi na hati. Hati za wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya dini, husaidia sana, maana hutaja mipaka ya shamba na majirani, na mara nyingine msikiti au kaburi lililokwisha kubomoka.

Maswali ya wanachama

Swali: Kijijini kwetu kuna kaburi linalosemwa kuwa la sharifu, yaani mtu wa kizazi cha Mtume, kutoka Hadhramaut huko Yemen, lakini halina maandishi. Je, niandike hivyo?

Jibu: Andika nani anasema, alisikia kwa nani, na ukoo upi unajinasibisha naye. Wasikilize pia wasiokuwa wa ukoo huo, kila mmoja peke yake. Nasaba ni dai la heshima na mara nyingi la ardhi, na hiyo nayo ni historia inayostahili kuandikwa kikamilifu, hata kama aliyelala pale hatajulikana kwa yakini.

Swali: Tunaweza kuchimba kidogo tu ili kujua umri?

Jibu: Hapana. Kaburi la Muislamu halifukuliwi kwa udadisi, na uchimbaji wa mambo ya kale ni kazi ya wenye kibali na utaalamu.

Swali: Wapo wanaozuru makaburi na kuomba dua, na wapo wanaolipinga jambo hilo vikali. Mtafiti asimame wapi?

Jibu: Aandike kinachofanyika na kinachosemwa na pande zote mbili. Watu wa Shela, Lamu, wamekuwa wakienda kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda, kuomba mvua, na kaburi la Sharifa huko Kaole, karibu na Bagamoyo, bado hupata wageni wenye haja zao. Ukiyaacha hayo umeacha sababu mojawapo ya mahali hapo kutunzwa. Hukumu ya kidini waachie masheikh, na usimpige picha mtu anayeomba dua bila idhini yake.