Namna ya Kulisoma Kaburi la Malkia Nefertari

Anayetaka kulielewa kaburi la Nefertari, mke mkuu wa Ramesses II aliyeitawala Misri tangu 1279 hadi 1213 KK, na alifuate kwa mwendo wa malkia mwenyewe, kuanzia mlangoni hadi chumba cha jeneza, kwa sababu kuta zake hazisimulii aliyoyatenda duniani bali njia aliyotarajia kuipita baada ya kufa. Habari za maisha yake zitafute kwingine kwanza: katika hekalu dogo la Abu Simbel, kusini mwa Misri, ambako sanamu zake zimechongwa kwa kimo kilekile cha sanamu za mfalme, heshima waliyoipata wake wachache mno wa wafalme, na katika barua yake kwa Puduhepa, malkia wa Wahiti, dola ya kale iliyokuwa katika Uturuki ya leo, baada ya falme hizo mbili kupatana.

Ukishaijua hadhi hiyo, ingia kaburini. Limechongwa mwambani katika Bonde la Malkia, ng'ambo ya mto Nile ukitokea Luxor, na Mwitalia Ernesto Schiaparelli aliligundua mwaka 1904. Tafuta jina lake, lililozungushiwa mstari wa duara refu pamoja na sifa ya "mpendwa wa Mut", mungu wa kike. Kisha angalia ishara za ndege na watu: kwa kawaida nyuso zao huelekea mwanzo wa mstari, nawe utajua usome kutoka upande gani.

Katika chumba cha kwanza malkia ameketi akicheza senet, mchezo wa ubao, na mpinzani wake haonekani. Usiichukulie picha hiyo kuwa ya starehe tu, maana imeambatana na sura ya 17 ya Kitabu cha Wafu, yaani maandiko ya kumwongoza marehemu ahera, nayo huutaja mchezo huo miongoni mwa mambo ya marehemu.

Katika chumba cha pembeni usiwe na haraka. Nefertari, katika gauni jeupe linaloonyesha mikono yake, amesimama mbele ya Thoth, mungu wa maandishi, na kati yao kuna kibao cha mwandishi na chombo cha maji chenye chura. Sura ya 94 ya kitabu hicho, iliyoandikwa hapo, ni ombi la kupewa vifaa hivyo, na kwangu hiyo ndiyo picha yenye uzito kuliko zote: malkia anaomba zana za kuandikia.

Angalia pia asiyekuwapo. Ramesses hakuchorwa popote humo. Malkia anakutana na miungu peke yake.

Shuka ngazi, upite chini ya mbawa za Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki, hadi ukumbi wa nguzo nne ulimokuwa jeneza la mawe. Wezi wa kale walilivunja, na mwili uliokaushwa kwa magadi na kufungwa vitambaa ukatawanyika. Vipande vya miguu yenye magoti vimehifadhiwa katika makumbusho ya Turin, Italia, na mwaka 2016 watafiti walihitimisha kwamba yaelekea ni vyake. Zipo huko pia ndara zilizosukwa, zilizookotwa kaburini humo.