Namna ya kudai fidia ya gari bila kujitumbukiza kwenye jinai

Nauza bima za magari hapa Dodoma, karibu na soko la Majengo, mwaka wa 11 sasa. Wateja wangu walioharibikiwa kwa uongo karibu wote walikuwa na ajali ya kweli. Kosa lao ni kuongezea.

Kijana mmoja wa Nkuhungu, gari lake liligonga ng'ombe usiku karibu na Mbande, likitoka Kibaigwa. Taa, bampa na rejeta vyote vikaenda. Alikuwa na bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe. Lakini aliyeshika usukani ni mdogo wake, na leseni ya mdogo wake ilikuwa imeisha muda. Kwenye fomu ya madai akaandika kwamba dereva alikuwa yeye. Mkaguzi wa kampuni akaiweka fomu hiyo kando ya ripoti ya polisi, majina hayakulingana. Madai yote yakakataliwa, hata ile taa, na mwezi uliofuata alikuwa anaitwa kituoni kuandika maelezo. Mama yake alilia ofisini kwangu. Angesema kweli huenda bado wangemkatalia kwa sababu ya leseni, ila hasara ingeishia kwenye gari.

Kwa hiyo jua sheria kwanza. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema anayejipatia mali au fedha kwa udanganyifu anaweza kufungwa miaka 7. Risiti ya gereji iliyotengenezwa, au tarehe iliyobadilishwa, ni kughushi, nako kuna miaka 7. Mwenye kuchoma gari ili alipwe asidhani ni mali yake afanye atakavyo. Kuchoma mali kwa nia ya kutapeli kunahesabika kosa, na adhabu yake ni kali. Fundi aliyekuandikia giaboksi ambayo haikuguswa anaingia nawe kwenye kesi hiyo hiyo. Mimi nikishiriki, naingia pia.

Ukipata ajali, usiondoe gari kabla polisi hawajafika na kupima, isipokuwa kuna majeruhi wa kuwahishwa. Piga picha: namba za gari, barabara, alama za breki, kilichogongwa. Toa taarifa kwa kampuni mapema, siku hiyo hiyo ukiweza. Fomu jaza mwenyewe kwa mkono wako. Usimpe wakala wala fundi fomu tupu yenye saini yako, nakuomba sana. Kitu usichokumbuka, andika kwamba hukumbuki. Ubovu uliokuwepo kabla ya ajali utaje. Fundi akikuletea makadirio, pitia kifaa kwa kifaa ukiwa umesimama mbele ya gari.

Na usijaribu kukata bima baada ya kugonga. Stika siku hizi ni za kielektroniki, na mfumo wa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, unaonyesha bima ilianza lini.

Kama umeshaandika uongo na hujalipwa, nenda leo kampuni na barua ya kusahihisha maelezo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kosa halifutiki hapo, lakini unakuwa hujachukua pesa ya mtu. Ukishalipwa au ukishaitwa polisi, tafuta wakili kabla ya kuandika chochote.

Na kama ulisema kweli tupu na kampuni bado inakuzungusha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mpelekee barua ya madai, majibu ya kampuni, na zile picha.