Jinsi ya kuandika kejeli ya jukwaani: mheshimiwa, bomba na mitungi 40

Kila msimu wa drama za shule ukikaribia, vijana wanakuja hapa kwetu Kisauni na skripti mkononi wanataka niwatilie vichekesho, ka kwamba vichekesho ni ukwaju wa kumwagia viazi karai vikishaiva. Haiendi hivo jamani. Kichekesho kinaingia ukiwa bado unapanga nani anajua nini na nani hajui, kabla hujaandika neno hata moja. Wacha nieleze vile mimi hufanya, na nitatumia igizo letu moja dogo la ufunguzi wa bomba la maji.

Kwanza jua unachoandika. Mtu akiteleza kwa ganda la ndizi pale Marikiti utacheka na yashapita, huo ni mzaha. Lakini akiwa ni yule yule aliyepewa tenda ya kufagia soko na tangu mwezi jana hajaleta hata ufagio, basi kicheko chako kishabadilika, unacheka na roho inakuuma kidogo. Hapo ndo kejeli ilipo. Na huyo anayeteleza awe mtu mwenye nguvu kukushinda wewe, ukimcheka hamali kwa sababu kiatu chake kimetoboka huko ni kumuonea tu na watazamaji wa Mombasa watakununia.

Sasa igizo. Mtaa hauna maji, jambo ambalo hapa halitaki maelezo, kila nyumba watu wanajua mitungi yao kwa rangi. Mheshimiwa anakuja kufungua bomba jipya, kuna utepe, kuna tenti, kuna viti vya plastiki vya kukodi. Tatizo ni kwamba hilo bomba halijaungwa popote. Usiku wa kuamkia sherehe msaidizi wa mheshimiwa kamwita muuza maji wa mkokoteni, wamejaza tangi dogo nyuma ya ukuta, mitungi 40 ya lita 20, hizo ni lita 800, yatoke maji hata dakika chache watu wapige picha. Onyesho hilo la usiku ndo tunaanza nalo, watazamaji walione kwa macho yao, alafu ndo kunakucha na hotuba.

Umeona kilichofanyika? Watazamaji ukumbini wanajua, wanamtaa walio jukwaani hawajui. Walimu wa fasihi wanaita kinaya. Kuanzia hapo kila neno la mheshimiwa lina maana mbili na wewe mwandishi hujatoa hata jasho, akisema "maji haya yatawafaa wajukuu wa wajukuu zenu" watu washaanza kuhesabu mitungi kwa vidole. Kuna kijana alitaka tulifiche lile onyesho la usiku tulitoe mwisho ka siri. Tungefanya hivo watu wangeshtuka mara moja basi, na hotuba nzima ya dakika kumi ingeenda bure.

Nikwambie na kosa langu, manake nililipia. Igizo langu la kwanza mhusika nilimwita Bwana Mlarushwa, anaingia anacheka hahaha, anasema mimi napenda kula pesa za umma. Nilidhani watu wataanguka chini. Ukumbi kimya, feni tu ndo inasikika, mama mmoja wa mstari wa mbele akatoa simu yake akaanza kujibu meseji. Hio ya kumpa mhusika jina linalobeba tabia yake inaitwa majazi na ni mbinu nzuri tu, ila jina likishasema yote mtazamaji habaki na kazi, na mtu hacheki kitu ambacho hakukigundua mwenyewe. Wa bomba tukamwita Mheshimiwa Baraka. Tena yeye hajijui ka ni mbaya! Anaamini kabisa kuwa anawasaidia watu, anatokwa na machozi ya kweli akikata utepe. Kijana aliyemwigiza nilimkataza kutabasamu kwenye mazoezi, hata kwenye chai.

Uso mkavu ndo kila kitu. Mwandishi Jonathan Swift mwaka 1729 huko Dublin, wakati maskini wa Ireland wako hali mbaya na wenye mashamba hawana habari, alitoa kijitabu bila kutia jina lake, akajifanya mtu wa kupanga uchumi, akapendekeza maskini wauze watoto wao waliwe na matajiri. Anapiga hesabu ka karani wa bandarini: watoto ni 120,000, hawa 20,000 tuwabakishe wa mbegu, 100,000 wauzwe wakitimiza mwaka. Hakuna mahali anakonyeza jicho kusema natania. Na zile hesabu zinachoma manake ndivo wakubwa walivokuwa wakiwazungumzia maskini, ka mifugo, yeye kazisogeza tu hatua moja mbele.

Hio hatua moja ishike sana. Ni chuku, yaani kutia chumvi, ila chuku ya kupima. Kwetu tenti ilibaki tenti, dua ya kufungulia ikasomwa ka kawaida, mc akaharibu majina ya wageni ka kawaida, kilichozidi ni lile tangi tu. Ukimuongezea mheshimiwa tumbo bandia la mto wa kulalia na helikopta na wake wanne wanagombana, watu watajiegemeza kwa kiti waseme ah, hii ni hadithi, haituhusu.

Lugha nayo isikilize. Mheshimiwa wetu anaongea Kiswahili cha taarifa ya habari, "mradi huu wa maendeleo endelevu", na muuza maji anaongea cha mtaani Majengo. Wakikutana tu watu wameshacheka.

Muuza maji nilimfanya achungulie mara tatu. Mara ya kwanza anaangalia saa, ya pili anainua kidole msaidizi anamfukuza, ya tatu anaingia mwenyewe katikati ya makofi na mkokoteni wake: "Samahani mheshimiwa, ile mitungi yangu 40 ya jana sijalipwa." Hapa tulibishana siku mbili nzima, maji yakatike kwanza ama adai kwanza? Tukajaribu zote. Maji yakikatika kwanza watu wanacheka, lakini dai lake linageuka maelezo ya kitu ambacho kishachekwa. Akidai kwanza panakuwa kimya, mheshimiwa anafungua mdomo kukana, na bomba linakata pale pale, ka vile limemjibu. Tukachukua hio.

Jingine, usimtaje mtu halisi. Mji huu una uzoefu na hilo. Mshairi Muyaka bin Haji, aliyeishi hapa Mvita hadi karibu mwaka 1840, ndo anasifiwa kwa kulitoa shairi msikitini akalileta sokoni, na wakati Wamazrui waliokuwa wakitawala Mombasa wakivutana na masultani wa Busaidi alikuwa akirusha mafumbo ya siasa. Fumbo lina faida yake, anayerushiwa akilalamika kajitaja. Hata kanga ni hivo hivo, jirani kajifunga ya "hasidi hana sababu" anapita mlangoni kwako mara nne, sasa utamuuliza nini? Huko Ufaransa mwandishi wa maigizo Molière alionyesha tamthilia ya mnafiki wa dini mbele ya mfalme mwaka 1664, ikapigwa marufuku, ikachukua hadi 1669 kuruhusiwa. Na mshairi Abdilatif Abdalla wetu alipoandika waraka wa siasa wazi wazi mwaka 1968 alifungwa miaka 3, na humo ndani akatunga shairi la mamba wa mtoni mwenye kiburi. Mamba tu, hakuna jina.

Ukimaliza skripti usiwasomee marafiki zako, wao watacheka kwa sababu wanakupenda. Msomee mtu aliye na kazi mkononi, na usimwambie ni komedi. Mimi humsomea mamangu asubuhi akisukuma mahamri, nasoma tu bila kuigiza sauti, mahali anapoacha kusukuma naweka alama kwa penseli, mahali anapoongeza kasi nakata. Ya bomba aliacha kusukuma mara mbili, ya pili ni pale muuza maji anapodai. Nilipomaliza hakucheka. Akaniuliza, "Sasa huyo wa mkokoteni alilipwa?"

Nikamwambia skripti inaishia hapo. Akaniangalia, akachukua mti wake wa kusukumia, akaendelea.