Umepewa projekti ya dizaini na kichwa hakina kitu? Anza hivi

Kama unasoma sanaa hii hali unaijua vizuri, umepewa projekti, una wiki 3, karatasi ya maelekezo ina mistari 5 tu, unakaa mbele ya karatasi nyeupe na hakuna kinachokuja. Unachukua simu uangalie kidogo wengine wamefanya nini, saa mbili zinapita, umesevu picha 60 na sasa hali imekuwa mbaya zaidi maana kila ulichokiona ni kizuri kuliko chochote ulichokuwa unakifikiria. Nimeona watu wenye mikono mizuri kabisa wakikwama hapo mpaka dedlaini inafika na wanakabidhi kitu wasichokipenda, na inaniuma kwa sababu hawakukosa kipaji, walikosa tu pa kuanzia.

Kwa hiyo naeleza njia ninayoitumia mimi, na nitatumia kazi moja niliyoifanya kweli ili uone inavyokwenda. Mi naamini aidia haiji ukiwa umekaa unaisubiri, inakuja mkono ukiwa unachora na macho yametulia kwenye kitu kimoja kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea.

Kabla ya yote soma maelekezo ukiwa na peni mkononi. Pigia mstari kila kitenzi na kila neno linalokubana, yaani ukubwa, idadi ya rangi, nani atakitumia na atakiona wapi. Alafu andika kwa maneno yako sentensi moja tu, huyu mtu akishaona kazi yangu nataka afanye nini au ajue nini. Wengi wanairuka hii hatua wanaona ya kitoto, lakini angalia Harry Beck alivyofanya na ramani ya treni za chini ya ardhi za London. Jamaa alikuwa mchoraji wa michoro ya kiufundi, mwaka 1931 akakaa akajiuliza mtu aliyeko chini ya ardhi anahitaji kujua nini, na jibu ni kwamba hahitaji kujua mtaa uko umbali gani, anahitaji kujua abadilishe treni wapi. Basi akaachana na umbali halisi, njia zote akazinyoosha ziwe za kulala, za kusimama au za mshazari, kama mchoro wa umeme. Mwanzoni ilikataliwa, ikaja kutolewa kwa umma mwaka 1933, na mpaka leo ramani nyingi za treni duniani zinachorwa kwa mtindo huo. Yote yalianzia kwenye swali la mtumiaji.

Sasa kazi yangu. Tuliambiwa tutengeneze bango la kuwafanya watu wasipoteze maji, ukubwa A2 (sawa na karatasi nne za A4), rangi mbili. Nikaandika haraka haraka vitu 20 vinavyokuja kichwani, tone, bomba, dunia iliyopasuka kwa ukame, viganja vimekinga maji, samaki na kadhalika. Fanya hivi na wewe, andika yote bila kuchagua, ukimaliza iweke hiyo listi pembeni. Hayo mawazo siyo mabaya, ila ndo hayo hayo yaliyomjia kila mtu darasani siku hiyo hiyo, na ukiyaacha kichwani bila kuyaandika yataendelea kurudi kila dakika yakikuzibia njia.

Baada ya hapo nenda kaangalie kitu chenyewe, kwa macho, siyo kwa picha. Hapa ndo pa kukaa sana na ndo mahali watu wanapapita mbio. Mi nilienda bafuni nikakaa kwenye kiti kidogo mbele ya ndoo, skechibuku mapajani, nikajiambia siondoki kabla ya saa moja kuisha. Dakika kumi za kwanza nilikuwa nachora ndoo ninayoijua, mdomo wa duara, mkono wa waya, imekwisha, nikaona nimemaliza. Nikaendelea kukaa. Ndo nikaanza kuona plastiki imekwaruzika upande mmoja tu, pale kopo linapogonga kila siku likiteka. Alafu kwa ndani nikaona mstari mweupe mweupe umeizunguka ndoo, chini yake mwingine, chini yake tena mwingine, hafifu sana, ukikaa vibaya na mwanga huuoni. Kumbe kila mahali maji yalipotulia kwa muda yaliacha alama yake. Ile ndoo ilikuwa imeandika yenyewe jinsi maji yalivyokuwa yanashuka! Nilichora ile mistari mara 15, kwa penseli, kwa wino, kwa kuifuta kwa ufutio kwenye karatasi niliyoipaka mkaa, na kufikia ya kumi na kitu sikuwa nachora ndoo tena, imebaki mistari peke yake.

Mchoraji wa zamani wa Italia, Leonardo da Vinci, kwenye maandishi yake kuhusu uchoraji alishauri kuangalia kuta zenye madoa, kwamba ukizitazama vya kutosha utaona milima, mito, watu wanapigana. Watu wanalichukulia kama zoezi la kuota ndoto ila mi naliona ni zoezi la subira. Doa liko pale pale siku zote, kinachobadilika ni muda uliotumia kulitazama.

Kama projekti yako haina kitu cha kushika, mfano umeambiwa ufanye kuhusu uhuru au kumbukumbu au haraka, tafuta kitu cha kawaida kinachoibeba hiyo maana. Gawa ukurasa mara mbili, kushoto andika maneno yanayohusu mada, kulia andika vitu ulivyovichora wiki za karibuni hata kama havihusiani kabisa, alafu vuta mistari kati ya pande mbili bila mpangilio na kwa kila mstari chora kiskechi cha dakika 2. Kumbukumbu na soli ya kiatu. Haraka na zipu. Nyingi zitakuwa hazina maana na ni sawa, unatafuta mbili au tatu tu zinazokufanya usimame.

Picha za mtandaoni sikukatazi, ila zipe muda wake, uje kwazo ukiwa tayari una michoro yako mwenyewe. Chukua zisizidi 10, na jitahidi nusu zitoke nje ya fani yako, kama unafanya nembo angalia majengo, vitambaa, mashine, mifupa ya wanyama. Kando ya kila picha andika sentensi moja, nachukua nini hapa. Ukishindwa kuandika hiyo sentensi ifute, maana unaipenda tu na kupenda peke yake hakukusaidii kwenye kazi. Na hofu ya kuiga isikufunge mikono, kuiga ili ujifunze ni shule kabisa. Mchoraji Van Gogh mwaka 1887 alinakili kwa rangi za mafuta picha za Hiroshige, msanii wa Japani, ikiwemo ile ya watu wanavuka daraja kwenye mvua, akazipa fremu pembeni yenye maandishi ya Kijapani. Alichotoka nacho ni namna ya kukata picha ukingoni na kutumia rangi bapa, yaani zisizo na kivuli, na hicho unakiona kwenye kazi zake mwenyewe zilizofuata. Kosa ni kuchukua umbo la mtu ukalikabidhi kama lako. Chukua sababu ya lile umbo kuwa zuri, utengeneze lako.

Ukishakuwa na mbegu, chora vimchoro vidogo 30. Vidogo kweli, kila kimoja kama ubavu wa kiberiti, kwa penseli nene au peni nene, na kompyuta iwe imezimwa. Udogo una sababu yake, kwenye kaboksi kadogo hivyo huwezi kuhangaika na fonti wala kivuli, unabaki na kitu kimoja tu, nini kiko wapi na kina ukubwa gani. Na kompyuta kwa hatua hii ina hatari maana kila kitu kinaonekana kimemalizika kabla hujafikiria, mstari umenyooka, rangi imejaa vizuri, unaanza kulipenda wazo ambalo halijakomaa. Vile 8 vya kwanza vitatoka kirahisi, kati ya 9 na 15 utachoka na utataka kuacha, usiache, kuanzia hapo ndo vinaanza kutoka vitu ambavyo hukujua unavyo. Mimi bango langu lilitoka kwenye namba 22: mistari 7 inashuka, wa juu Jumatatu, na Jumapili imeangukia ukingoni kabisa mwa karatasi kiasi kwamba neno limekatwa nusu. Hakuna tone, hakuna bomba.

Ukikwama katikati ya hivyo 30 jibane makusudi. Herufi tu, hakuna picha. Umbo moja tu, lirudie. Kata kwa mkasi bila kuchora kwanza. Josef Albers alipokuwa anafundisha Bauhaus, shule ya sanaa na dizaini kule Ujerumani, miaka ya 1920 aliwapa wanafunzi magazeti akawaambia watengeneze kitu kinachoonyesha karatasi yenyewe inaweza nini, bila kupoteza karatasi. Sasa fikiria, gazeti tu, ila ukishanyimwa vingine vyote ndo unagundua karatasi inakunjika, inasimama, inabeba uzito. Mi nikikwama huwa naandika vitenzi kwenye vikaratasi, kunja, pasua, kuza, geuza, rudia, ondoa, nachomoa kimoja nakifanyia mchoro wa mwisho niliouchora, na nakiri "ondoa" kimenisaidia kuliko vingine vyote.

Alafu bandika ukutani na lala. Asubuhi simama upande wa pili wa chumba, vile ambavyo bado unavielewa kutoka pale vichague 3, vikubwa kidogo sasa, saizi ya nusu ukurasa. Muonyeshe mtu ambaye hajui projekti yako, mwonyeshe kwa sekunde 3 uifiche, na usimuulize kama ameipenda, muulize ameona nini. Ukiuliza kupenda atakuhurumia. Mi rafiki yangu alisema ameona daftari la muziki, na ilinisaidia kuliko sifa zote, kwa sababu nilikuwa nimeinyoosha ile mistari kwa rula. Nikarudi kwenye skechibuku, nikaona kwenye ile michoro ya bafuni mistari ilikuwa imepinda kidogo kama tabasamu, kwa sababu inazunguka ukuta wa ndoo. Nikaipinda. Mtu wa pili akasema hapo hapo, maji yanaisha.

Na usiogope kubadilisha hata ukiwa umefika mbali. Picasso aliombwa mchoro mkubwa na serikali ya Hispania mwanzoni mwa 1937, akakaa miezi bila kupata jambo linalomshika, mpaka mji wa Guernica huko huko Hispania ulipopigwa mabomu tarehe 26 Aprili, ndo akapata la kuchora. Michoro ya kwanza aliichora tarehe 1 Mei, ikafika zaidi ya 40, na hata alipoanza turubai lenyewe, kitambaa cha kuchorea cha upana wa karibu mita 8, bado aliendelea kubadilisha, picha alizopiga mpiga picha Dora Maar wakati kazi inaendelea zinaonyesha kulikuwa na mkono ulionyooshwa juu umekunja ngumi, baadae akaufuta kabisa. Mwanzoni mwa Juni kazi ilikuwa imekwisha. Huwa naikumbuka hiyo ngumi kila ninapoona huruma kufuta kitu nilichokipigania siku mbili.

Kitu cha mwisho ni skechibuku yenyewe. Iwe ndogo ya kuingia mfukoni au kwenye mkoba, andika tarehe kila ukurasa, chora hata dakika 5 kwa siku, bandika vipande vya karatasi, tiketi, majani, andika neno ulilosikia mtu akisema. Usichane ukurasa hata kama mchoro ni mbaya. Vimchoro vilivyokataliwa vihifadhi pamoja na vilivyopita maana walimu wengi wanataka kuona njia uliyopita na wanaitolea maksi, na pia wewe mwenyewe utavihitaji. Ile mikwaruzo ya kopo upande mmoja wa ndoo, niliyoichora siku ile pembeni ya ukurasa na nikaiacha, muhula uliofuata tulipewa kazi ya kudizaini kitambaa nikaifungua tena, nikaikuza mara 4, na ndiyo ikawa mchoro mzima wa kitambaa changu.