Shahada ng'ambo: anza na kalenda na karatasi

Wengi huanza kwa kuuliza chuo kipi ni bora. Swali hilo lina nafasi yake, lakini kinachowakwamisha waombaji mara nyingi ni tarehe na karatasi. Shika siku muhula unapofunguliwa, hesabu miezi 12 kurudi nyuma, na kazi ianze hapo.

Kwanza majina. Tandaza mezani pasipoti, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, usome herufi kwa herufi. Kimoja kikiandika Mohamed na kingine Mohammed, rekebisha sasa, kabla hujajisajili kwa mtihani wa lugha, maana jina la pasipoti ndilo litakalotumika kila mahali. Matokeo ya IELTS na TOEFL, mitihani ya Kiingereza, hudumu miaka 2 tu, hivyo usiufanye mapema mno.

Barua ya mapendekezo mwombe mwalimu anayeijua kazi yako, hata kama hana cheo kikubwa. Mpe wiki 6.

Barua ya udahili ikija, isome mpaka mstari wa mwisho. Udahili wa masharti bado si nafasi kamili. Tuma matokeo yanayosubiriwa mara yanapotoka.

Sasa fedha, na hapa ndipo viza nyingi hukwama. Kwa Uingereza, anayetakiwa kuonyesha fedha lazima ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya hizo isizidi siku 31 kabla ya kuomba. Salio likipungua chini ya kiwango hata siku moja, hesabu inaanza upya. Ukitumia akaunti ya mzazi, ambatanisha cheti cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa. Ujerumani wengi hufungua akaunti maalumu inayozuia fedha na kuzitoa kidogo kidogo kila mwezi. Ifungue mapema, kwani uhakiki wake huchukua muda.

Marekani ina mpangilio wake: chuo hukupa fomu I-20, inayothibitisha udahili wako, unalipa ada ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni), dola 350, unajaza DS-160, fomu ya mtandaoni ya kuomba viza, kisha mahojiano. Ada hiyo si ada ya viza, kwa hiyo tunza risiti zote mbili. Huruhusiwi kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye I-20.

Tiketi nunua viza ikishatoka. Hati halisi zibebe kwenye begi la mkononi, kwani afisa wa mpakani anaweza kuzitaka kabla hujapokea sanduku lako.