Kabla hujafungua vitabu vya parokia kumtafuta babu wa Kiingereza

Ukoo ukiwa na babu au bibi aliyetoka kijijini England, hakosekani mjukuu wa kuingia mtandaoni usiku mmoja, kuandika jina na kukutana na akina John Smith tele. Asubuhi ameshachagua mmoja. Kosa lake si uvivu. Ameanzia mbali kabla ya kuanzia karibu.

Anza na walio hai, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua. Serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo England na Wales tarehe 1 Julai 1837, na cheti cha ndoa cha tangu wakati huo hutaja baba wa kila upande na kazi yake. Sensa ya 1851 na zilizofuata zinaonyesha parokia aliyozaliwa mtu. Ile ya 1841 iliuliza tu kama amezaliwa kaunti hiyohiyo, na umri wa waliopita miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi namba ya chini inayogawanyika kwa tano, kwa hiyo mtu wa miaka 34 utamkuta ana 30. Unachotafuta hapa ni jina la parokia. Bila hilo, vitabu vya kanisa viache kwanza.

Ukishalipata, tafuta ramani ya parokia za zamani na uandike majina ya zote zinazopakana nayo. Vijana wa mashambani walikuwa wakiajiriwa kwa mwaka mmoja mmoja, leo kijiji hiki, mwakani cha pili, na harusi mara nyingi ilifungwa kwao bibi harusi. Familia "iliyopotea" aghalabu iko mwendo wa asubuhi moja kwa miguu.

Jua pia vitabu vyenyewe vinaanzia wapi. Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza mwaka 1538 kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi. Mwaka 1598 ikaamriwa kumbukumbu za zamani zinakiliwe kwenye ngozi, hasa tangu Malkia Elizabeth wa Kwanza alipoanza kutawala, ndiyo maana vingi vinaanzia 1558. Amri hiyohiyo ilitaka nakala ipelekwe kwa askofu kila mwaka. Nakala hizo ni mkombozi pale kitabu kilipoliwa na panya au unyevu. Kati ya 1642 na 1660, miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na ya jamhuri iliyofuata, tarajia mapengo.

Tarehe nazo zina mtego. Hadi 1751 mwaka mpya ulianza Machi 25, si Januari 1. Wazazi waliooana Mei 1720 wakabatiza mtoto Februari 1720 hawakuwa na aibu yoyote: Februari hiyo ilikuja baada ya Mei, na sisi leo tungeiita ya 1721. Iandike 1720/21 usijichanganye. Mwaka 1752 Septemba 2 ilifuatwa na Septemba 14, kwa hiyo usitafute tukio la siku zilizo katikati.

Kuhusu mwandiko, nenda kajifunze kwanza. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza, iliyoko Kew, London, ina masomo ya bure mtandaoni ya kusoma hati za kale, na ya Kilatini pia, kwa sababu baadhi ya makasisi walikitumia, na hati za mahakama ziliandikwa kwacho hadi sheria ilipokiondoa mwaka 1733. Jacobus ni James. Jno ni John, Wm ni William. Tahajia ya ukoo isikusumbue: kasisi aliandika alivyosikia, na mwenye jina pengine hakujua kusoma.

Kuanzia 1754 ndoa ilipaswa kufungwa katika kanisa la Anglikana, isipokuwa ya Wayahudi na ya Waquaker, na vitabu vya ndoa vikaanza kuwa na sahihi au alama ya X. Hivyo Mbaptisti anaweza kuwa na ndoa kwa Waanglikana na watoto wasioonekana humo kabisa. Vitabu vingi vya madhehebu yasiyo ya Kianglikana viliishia Kew. Kuanzia 1813 zikaja fomu zilizochapwa: kwenye ubatizo, kazi ya baba na makazi, kwenye mazishi, umri. Kabla ya hapo unaweza kupewa mstari mmoja tu, "John mwana wa William", na mama hata hatajwi.

Hapa ndipo koo nyingi huharibika. Ukimpata John aliyebatizwa mwaka unaofaa, usimkubali bado. Pitia mazishi ya miaka inayofuata. Watoto wengi walikufa wachanga, na wazazi walimpa aliyefuata jina lilelile. Nimeona mti wa ukoo wenye vizazi sita vilivyojengwa juu ya mtoto aliyezikwa na wiki tatu.

Maskini, na vijijini walio wengi walikuwa maskini, utamjua vizuri zaidi pale alipowagharimu wenzake. Sheria ya 1601 iliitwika kila parokia mzigo wa maskini wake, na ya 1662 ikaruhusu asiye wake arudishwe kwao. Kwa hiyo mtu aliyeomba msaada alihojiwa mbele ya mahakimu: alizaliwa wapi, alifundishwa kazi na nani, nani alimwajiri mwaka mzima, alioa lini. Mahojiano hayo yakiwa yamesalia, ni maisha mazima kwenye ukurasa mmoja. Mama asiyeolewa alibanwa amtaje baba wa mtoto, ili parokia isilipe. Daftari za matumizi zinaonyesha viatu, kuni, jeneza. Kwa hiyo, kabla ya safari, uliza kama karatasi za maskini za parokia yako zipo. Mapengo ni mengi, na baada ya 1834 kazi hiyo ilihamia kwa miungano ya parokia.

Usimwandikie kasisi wa sasa kwanza. Vitabu vya zamani kwa kawaida viko hifadhi ya nyaraka ya kaunti. Tovuti za FamilySearch na FreeREG ni bure. Ancestry na Findmypast hulipiwa, ingawa maktaba nyingi za Uingereza hukuruhusu kuzitumia bila malipo. Faharasa ya mtandaoni ni kidokezo tu, fungua picha ya ukurasa wenyewe. Ukienda hifadhini, weka nafasi mapema, beba kitambulisho na penseli, kwani kalamu ya wino hairuhusiwi, na ukubali kupewa filamu yenye picha za kurasa badala ya kitabu.

Beba na daftari la ulikokosa: parokia gani, kitabu gani, mwaka gani hadi upi, kwa tahajia zipi. Miezi mitatu baadaye utakapojikuta unafungua tena kurasa zilezile, utalihitaji.